Kompyuta Yangu Ilipokata Kauli

Wadau, samahani kwa kimya. Wapo walioniuliza kama nimeacha uandishi, na mmoja (anajijua) aliuliza kama nimeoa kimyakimya bila kumchangisha mtu. Hapana. Sijaacha kazi na sijaoa. Kompyuta yangu ilikata kauli, na aliyeikatisha ni mimi mwenyewe.

Ngoja niwasimulie mwanzo mpaka mwisho, maana najua wengi wenu mna kompyuta kama yangu, mna riziki yenu humo ndani, na mna ile tabia ya kusema "nakala nitatunza kesho".

Kompyuta yenyewe ni mtumba. Niliinunua Kariakoo kwa mshahara wangu wa tatu baada ya kuajiriwa. Ina kovu pembeni na herufi M imefutika kabisa, lakini tumeshaandika habari nyingi pamoja. Jumapili moja jioni, nikiwa chumbani kwangu Sinza, nikaamua kuifanyia apdeti. Si ile apdeti ya Windows inayokuja kila mara na kukupotezea bando. Hii ni ya chini kabisa, ya BIOS, au kama mafundi wetu wanavyoitamka, bayosi.

Kwa asiyejua: unapobonyeza kitufe cha kuwasha, Windows bado imelala kwenye diski. Kuna programu ndogo inayoamka kwanza. Haikai kwenye diski, inakaa kwenye chipu yake yenyewe juu ya madabodi. Yenyewe ndiyo inaamsha kumbukumbu, inaamsha kioo na kibodi, halafu inaitafuta diski na kuikabidhi kazi. Ni kama mlinzi wa ofisi mwenye funguo. Asipofika asubuhi, hata mhariri mkuu atasimama nje na suti yake.

Kompyuta ya IBM PC iliyotoka mwaka 1981 ilikuwa na BIOS ya kilobaiti 8 tu, tena kwenye chipu isiyoandikika upya. Ukitaka kuibadili, unabadili chipu. Yangu ina chipu ya megabaiti 16, yaani mara 2,048 ya ile, na unaweza kuiandika upya ukiwa umekaa kitandani kwako. Raha ndiyo hiyo, na balaa ndilo hilo hilo.

Kwa nini niliihangaikia? Nilikuwa nimesoma habari za LogoFAIL. Desemba 2023 watafiti wa kampuni ya Binarly walieleza kundi la matundu ya usalama kwenye programu hizi za kuwashia, zikiwemo zile zinazotoka kwa AMI, Insyde na Phoenix, ambazo ndizo zinazouzia watengenezaji wengi wa kompyuta. Tundu lilikuwa mahali ambapo hakuna anayepatilia shaka: ile picha ya nembo inayotokea unapowasha mashine. Mtu akifanikiwa kupenyeza picha iliyotengenezwa kwa hila, anaweza kuendesha amri zake kabla Windows haijafumbua jicho. Mimi ni mwandishi, kuna watu wameniamini na maneno yao. Nikaona kuziba tundu hilo ni wajibu. Nia ilikuwa njema kabisa, naomba mnikubalie hilo kabla hamjanicheka.

Maelekezo yalisema mambo 2: chaja iwe imechomekwa, na betri iwe na chaji ya kutosha. Chaja nilichomeka. Betri ilisema asilimia 64. Sasa betri yangu mimi naijua, ni mwongo. Inaweza kukuambia asilimia 60, ukatoka kuchota maji, ukarudi ukaikuta imezima. Lakini siku hiyo nikaiamini kwa sababu ilisema nilichotaka kusikia. Nikaweka faili kwenye flashi, nikaingia kwenye menyu ya BIOS, nikabonyeza.

Mstari ulifika kama asilimia 40, umeme ukakatika.

Mnaijua ile sauti ya mtaa mzima kusema "aaah" kwa pamoja. Feni ikaanza kupunguza mwendo. Nikabaki gizani nikiitazama skrini kama mtu aliyekaa kando ya kitanda cha mgonjwa. 41. 42. 43. Kisha ikazima. Ile asilimia 64 haikumaliza hata dakika 2.

Umeme uliporudi nikabonyeza kitufe. Taa ikawaka, feni ya ndani ikazunguka, taa ya herufi kubwa kwenye kibodi ikawa inakonyeza, inakonyeza. Kioo cheusi. Nikazima, nikawasha. Vilevile. Nikashikilia kitufe nusu dakika kama wanavyoshauri. Vilevile.

Hapo sasa ndipo niwaambie kilichokuwa ndani.

Wiki 2 kabla ya hapo nilikwenda Mbagala kumsikiliza mama mmoja, mjane, aliyenyang'anywa kiwanja na watu anaowajua kwa majina na kwa sura. Ilinichukua safari 3 kumfanya aseme. Ile ya tatu alizungumza saa 1 na dakika 20, alilia mara 2, na mwisho akaniambia, "Mwanangu, jina langu lisitoke, na sauti yangu asiisikie mtu." Nikamwahidi. Nilipofika nyumbani nikahamishia sauti kwenye kompyuta, nikafuta kwenye simu, maana simu zinakwapuliwa kila siku kwenye daladala. Kuiweka kwenye mtandao niliogopa, na flashi nilisema nitanunua mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nakala ilikuwa moja tu duniani. Nilijiita mtunza siri, kumbe nilikuwa mzembe niliyejificha nyuma ya usiri.

Habari ilitakiwa mezani kwa mhariri Jumatano.

Usiku ule sikulala, nilikuwa nasoma kwenye simu. Nikajifunza kwamba balaa hili lina historia. Mwaka 1998 mwanafunzi mmoja wa Taiwan, Chen Ing-hau, alitengeneza kirusi cha CIH, na tarehe 26 Aprili 1999 kikalipuka. Kilifuta data, na kwenye mashine nyingine kikaandika takataka juu ya BIOS yenyewe. Watu waliamka wakakuta kompyuta zao ziko kama yangu: taa ipo, roho haipo. Tofauti ni kwamba wao walifanyiwa na kirusi.

Nikajifunza pia kwamba watengenezaji waliliona tatizo na wengi wameweka njia ya kujiokoa. Sehemu ndogo ya chipu huachwa bila kuguswa, ili programu kuu ikiharibika, ile ndogo isome faili jipya kutoka kwenye flashi. Kwenye kompyuta nyingi za HP unashikilia kitufe cha Windows na B unapowasha. Kwenye nyingi za Dell ni Ctrl na Esc. Gigabyte waliwahi kuweka chipu 2 kwenye madabodi zao, moja ikifa nyingine inashika. Basi ukiwahi kupatwa, anza hapo kabla hujamfuata mtu.

Asubuhi nikaenda kwa jamaa yangu niliyesoma naye Mlimani. Tukapakua faili, tukaiweka kwenye flashi, tukashikilia vitufe vya mashine yangu kama maelekezo yalivyotaka. Taa ya flashi ikawaka mara moja. Moyo ukaruka. Kisha basi. Ile sehemu ndogo ya kujiokoa nayo ilikuwa imeguswa.

"Chomoa diski tuiweke kwenye mashine yangu," akasema jamaa. Wazo zuri. Tukaichomoa, tukaiweka kwake, likatokea dirisha la buluu la BitLocker: andika namba yenye tarakimu 48.

Namba gani tena? Kumbe diski ilikuwa imefungwa kwa usiri toka siku nilipoanza kuitumia, na funguo zinatunzwa na chipu ya usalama inayoitwa TPM, ndani ya ile ile mashine iliyokata kauli. Nakala ya namba hiyo huwa inatunzwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Akaunti yangu niliifungua nikiwa mwaka wa kwanza, kwa barua pepe ambayo nywila yake siikumbuki, iliyounganishwa na laini ya simu niliyoitupa zamani. Jamaa akanitazama. Nikamtazama. Akaniletea chai.

Nikashika njia ya Kariakoo.

Fundi wa kwanza hakuniuliza mengi. Akabonyeza kitufe, akaona taa inakonyeza, akasema, "Bayosi hiyo. Ninalo faili la mashine kama hii hii, nalimwaga humo, dakika 10 tu. Iache na diski yake, jioni pita." Bei yake ilikuwa ndogo, na dakika 10 kwangu zilikuwa kama dawa. Nilikuwa tayari nimeshainua mkono kumkabidhi. Kilichonizuia ni lile neno "iache na diski yake". Nikaikumbuka sauti ya yule mama. Nikamwambia fundi narudi, sikurudi. Nataka mjue kwamba sikumkataa kwa ujuzi. Sikujua chochote. Nilimkataa kwa sababu ya ahadi, na baadaye ndipo nikaja kuelewa ni kitu gani nilichoponea.

Fundi wa pili yuko ghorofani, chumba kidogo, mtu mzima wa makamo mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso. Nikamwamkia, nikamweleza yote, hata lile la betri. Hakucheka. Akafungua mfuniko wa chini, akachomoa diski, akanikabidhi mkononi.

"Hii weka mfukoni, mdogo wangu. Mimi nina kazi na bodi tu. Ya ndani ni yako."

Wadau, nilitamani kumkumbatia.

Akachomoa betri kubwa, akachomoa na ile ndogo ya saa. Akashusha ile miwani ya pili, akaitafuta chipu. Ni kidude cheusi chenye miguu 8, kidogo kuliko punje ya mahindi. Akasoma maandishi yake kwa kurunzi: 25Q128. Hiyo 128 ni megabiti, na megabiti 128 ndizo megabaiti 16. Kisha akasoma herufi za mwisho mara 2. Nikamuuliza za nini. Akasema chipu zinazofanana kwa jina zinaweza kutofautiana kwa umeme. W25Q128FV inakula volti 3.3, W25Q128FW inakula volti 1.8. Ukiipa ya pili umeme wa ya kwanza unaweza kuiua kabisa. Herufi moja. Nikafikiria ni mara ngapi nimekosea herufi moja gazetini na nikaona ni jambo dogo.

Akatoa kifaa wanachokiita programa, kile cha CH341A, kinachochomekwa kwenye kompyuta kama flashi, na kamba yenye klipu mwishoni. Klipu ikang'ata miguu 8 ya chipu hapo hapo kwenye bodi. Nikadhani sasa anaandika.

Hakuandika. Akasoma. Alivuta kila kilichokuwa ndani ya ile chipu, kibovu kama kilivyo, akakitunza kwenye faili. Kisha akasoma mara ya pili, akalinganisha mafaili yale 2. Hayakufanana. Akatoa klipu, akasugua miguu ya chipu kwa mswaki na spiriti, akaibana upya. Akasoma tena, akasoma tena. Safari hii yakafanana yote, herufi kwa herufi.

"Kaka," nikamwambia, "si tunajua kimeharibika? Kwa nini unakitunza kibovu?"

Akanijibu bila kuinua kichwa. "Kibovu ni sehemu tu. Humu mna vitu vya mashine yako peke yake. Nikifuta kabla sijanakili, nani atanirudishia?"

Ndipo akanielekeza. Ndani ya ile chipu hakuna BIOS peke yake. Mna namba ya usajili ya mashine, anwani ya kadi ya mtandao, na mara nyingi ufunguo wa leseni ya Windows. Mna mipangilio ya usalama. Mna pia sehemu ya programu ya Intel iitwayo ME, na kwenye mashine nyingi, kama yangu, ile TPM si chipu ya peke yake, ni programu inayokaa hapo hapo, na siri zake zimehifadhiwa humo humo. Fundi akimwaga faili lililotoka kwenye mashine ya mtu mwingine, kioo kitawaka, utafurahi, utalipa. Lakini utakuwa umebeba jina la mtu mwingine. Pengine mashine itajizima kila baada ya dakika 30 kwa sababu ME haielewani na bodi. Na siri za TPM yako zitakuwa zimefutwa milele, kwa hiyo diski haitafunguka bila zile tarakimu 48.

Nikakaa kimya. Dakika 10 za fundi wa kwanza zingenipa kompyuta iliyo hai na kuniulia sauti ya mama.

Fundi wangu akafungua lile faili la kibovu, akaonyesha mahali ambapo uandishi ulikatika. Juu yake kulikuwa na programu mpya, chini yake ya zamani, katikati patupu. Sehemu nyingine zilikuwa salama. Akachukua faili la mtengenezaji, si la toleo jipya nililolitaka mimi, bali la toleo lile lile lililokuwemo kabla. "Tuirudishe ilivyokuwa," akasema, "mambo ya kupanda utapanda siku nyingine." Akakata sehemu ya BIOS tu, akaipandikiza kwenye nakala ya chipu yangu, na vingine vyote akaviacha kama vilivyosomwa. Kisha ndipo akafuta, akaandika, na akasoma tena kuhakiki. Kazi ya kuandika ilichukua dakika chache. Kazi ya kusoma na kulinganisha ilichukua karibu saa nzima.

"Diski," akasema, akanyoosha mkono. Nikaitoa mfukoni ikiwa na joto la mwili wangu.

Akabonyeza kitufe. Kioo cheusi. Nikahesabu mpaka 20. Ikajizima yenyewe, ikajiwasha yenyewe. Akasema tulia, inajifunza upya kumbukumbu zake. Kisha nembo ikatokea, ile ile picha ambayo kwa ajili yake nilianzisha safari yote hii. Kisha vile vitone vinavyozunguka vya Windows. Nililisubiri lile dirisha la buluu. Halikuja. Likaja lile la kuniomba nywila yangu ya kawaida, na fundi akageuka kutazama dirishani mpaka nilipomaliza kuandika.

Saa ya kompyuta ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa. Hilo tu.

Faili lilikuwepo. Nikavaa spika za masikioni, nikasikiliza sekunde 10 za kwanza, nikazima. Fundi akataka shilingi 60,000, nikalipa bila kuomba punguzo, mimi ambaye naomba punguzo hata kwenye mchicha. Nikashuka chini nikanunua flashi 2 kabla sijapanda daladala. Usiku ule ule nikatunza nakala zikiwa zimefungwa kwa nywila, na nikaiandika ile namba ya tarakimu 48 kwenye karatasi, maana Windows ikiwa hai inakupa mwenyewe. Karatasi haiko pamoja na kompyuta. Betri mpya ilibidi isubiri mshahara, lakini imeshapatikana, na apdeti niliifanya baada ya hapo, kwa betri inayosema kweli, na baada ya kuisimamisha BitLocker kwanza. Ilimaliza dakika 4. Sikupumua hata moja.

Chuo walitufundisha kwamba habari inahitaji zaidi ya chanzo kimoja. Mimi niliamini chanzo kimoja, betri, ambacho nilishakijua kwa uongo. Yule fundi hakusoma uandishi popote, lakini alikataa kugusa kitu mpaka usomaji wa pili ufanane na wa kwanza, na hakufuta kibovu mpaka awe nacho mkononi. Nimeona waandishi wenye shahada, mimi nikiwemo, wasiofanya hivyo.

Jumatano mhariri aliniongezea siku 2, baada ya kunisema vya kutosha. Alhamisi nilimpigia simu yule mama. Ningeweza kunyamaza, asingejua kamwe. Lakini sauti ni yake. Nikamweleza kwamba kompyuta iliharibika, kwamba nusura nipoteze maneno yake yote, na kwamba kosa lilikuwa langu.

Akanyamaza kidogo. "Kuna mtu amesikia?"

"Hapana, mama. Hakuna."

"Ungeyapoteza ningesema tena mwanangu," akasema. "Ila safari ile nililala siku 2."

Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi, akanitakia kazi njema.

Habari imetoka, bila jina lake. Na wewe unayesoma hapa, ukimaliza, kanunue flashi. Mimi ngoja nitume hii sasa hivi. Umeme upo, lakini feni imeanza kusitasita.